Wiki Sita za Kukaa Kitako

Fikri Abdultawwab hakuwa mtu wa kukaa. Mimi Bayumi nilikagua tiketi naye kwenye treni za Damanhuri na Tanta kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sidhani kama nilimwona ameketi mara kumi. Chai aliinywa wima. Mkate wa maharage aliula akitembea. Sisi wengine, treni ikishapita Itay al-Barud, tulijibanza kwenye kile chumba kidogo mwisho wa behewa tukavua kofia na kunyoosha miguu. Yeye alikwenda behewa la kwanza mpaka la mwisho, akageuka, akarudi, na abiria walewale aliokwisha kuwatobolea tiketi wakamtazama kwa mshangao.

"Bwana wee, tiketi yangu ina matundu kuliko chujio," mzee mmoja alimwambia siku moja.

Nikimuuliza kwa nini hapumziki, alisema mtu akikaa damu inaganda. Lakini nyumbani kwake pia ilikuwa vivyo hivyo. Mkewe, Inshirah, aliniambia kwamba hata tamthilia za Ramadhani Fikri alizitazama amesimama mlangoni, kama mtu aliyepita tu kuuliza njia.

Inshirah alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mpole wa maneno machache, na alikuwa na nundu miguuni. Nazungumzia zile nundu zinazoota pembeni, pale kidole gumba kinapoungana na mguu. Mfupa unatokeza nje, na kidole chenyewe kinalala upande kuwaelekea wenzake. Zilimwanza akiwa na miaka thelathini na kitu. Alipofika hamsini alikuwa ameacha kabisa viatu vyembamba, anavaa makubazi mapana, na kati ya vidole anaweka kijipande cha mpira laini, kidogo kama yai la njiwa. Jioni alitandika taulo sakafuni akawa anaikunja na kuivuta kwa vidole vya miguu huku akisahihisha madaftari. Fikri alipokuwa akiruka taulo ile kwenda na kurudi, alikuwa na jina alilompa.

"Mama Bata, sogeza ziwa lako nipite."

Alimwita hivyo mbele ya watu pia. Alimwita kwenye harusi ya binti yao, Ghada, nami nilikuwepo, na sote tulicheka. Inshirah alitabasamu, akaendelea kugawa sharubati. Nasema tulicheka, na mimi ni mmoja wao.

Fikri mwenyewe alivaa viatu vyeusi vyenye ncha, vinavyong'aa mpaka uone uso wako. Alisema mtu wa serikali anajulikana kwa kiatu, na kwamba kiatu kipana ni cha kwendea shambani. Basi majira ya joto ya mwaka ule alipokuwa amebakiza miaka miwili astaafu, nikaanza kuona kitu. Treni ikisimama Tanta, alikuwa akiingia chooni na kukaa humo muda mrefu. Nikadhani tumbo. Siku moja mlango haukufungwa vizuri, nikamkuta ameegemea ukuta, kiatu cha kushoto mkononi. Nundu ilikuwa nyekundu kama nyanya, ngozi imechubuka, na kidole cha pili kilikuwa kimeanza kupanda juu ya gumba.

"Fikri, ndugu yangu, hiyo ni nini?"

"Mbu."

"Mbu wa wapi huyo?"

"Funga mlango, Bayumi."

Nikafunga. Nilijua kwa nini anaficha. Kwanza, kijiwe chetu cha dhumna pale mkabala na stesheni kisingemwacha. Ule ulihesabika kuwa ugonjwa wa wanawake. Pili, ofisi ikijua mguu una kasoro ingempeleka dirishani kuuza tiketi, akae kwenye kiti kwa muda wa saa nane kila siku mpaka astaafu. Hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi.

Kumbe alikuwa ameanza kujitibu kwa siri. Asubuhi moja Inshirah akawa anatafuta kile kijipande chake cha mpira chini ya kitanda na nyuma ya mlango.

"Vilikuwa viwili. Kimoja kimekwenda wapi?"

"Panya," Fikri alisema, na akatoka mbio kwenda kazini.

Jioni ya pili yake Inshirah alikuwa akifua, akageuza soksi nyeusi ya mume wake nje ndani, na kijipande kikadondoka ndani ya beseni. Akakikausha, akakiweka kwenye kisahani, akakiandaa mezani pamoja na chakula.

"Baba Ghada," akasema, "panya wa nyumba hii siku hizi wanavaa soksi?"

Fikri aliniambia kwamba hapo ndipo alipokaa. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu vyote viwili, akaweka miguu yake mbele ya mkewe. Inshirah akaitazama, mmoja kisha mwingine. Hakucheka wala hakumwita jina lolote. Akaenda kuleta barafu, akaifunga kwenye kitambaa, akambandika.

Kuanzia hapo mkewe alimshika kama mwanafunzi wa darasa la pili. Alimpeleka kwa fundi viatu Dusuqi, nyuma ya soko la pamba, ambaye alimtengenezea viatu vyeusi vya ngozi laini, vipana mbele, na soli ya ndani ya kuinua unyayo. Akamnunulia mpira wake mwenyewe. Akamfundisha mchezo wa taulo. Akamwambia akifika nyumbani aweke miguu juu, aikande kwa barafu, na asivae tena vile vya ncha hata kwa mazishi.

Fikri alifuata kwa haraka yake ileile. Kila asubuhi alitoa rula ya mkewe ya shuleni akapima pembe ya kidole chake. Siku ya kumi na moja akaitupa rula mezani.

"Hakijanyooka hata kidogo."

"Nani alikwambia kitanyooka?" Inshirah akauliza. "Nilikwambia kitaacha kuuma."

"Sasa faida yake nini, kama kitabaki kibaya?"

"Faida ni kwamba hakiumi, Baba Ghada."

"Hii ni dawa ya watu wenye nafasi. Nataka kikatwe tumalizane nacho."

Wakaenda kwa daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Nirmin, mtaalamu wa mifupa, sauti kavu, hana haraka. Alimtaka Fikri atembee chumbani, jambo ambalo Fikri alilifanya kwa furaha mpaka akaambiwa basi, inatosha. Akaziinua picha za eksirei kwenye mwanga, akazitazama.

"Umejaribu viatu vipana?"

"Nimejaribu, daktari."

"Siku kumi na moja," Inshirah akasema kutoka kwenye kona yake.

Daktari akaweka picha chini. "Mimi sipasui mguu kwa ajili ya sura. Napasua kwa ajili ya maumivu yaliyokataa njia nyingine zote. Nenda ukajaribu miezi mitatu, kisha urudi."

Miezi ile mitatu mimi ndiye niliyeibeba, kwa sababu mchana kutwa alikuwa nami. Alihesabu siku kama mfungwa. Alibadilisha mpira kutoka kidole hadi kidole. Bila kumwambia mkewe alijaribu pia mafuta fulani ya kunuka aliyouziwa na mchuuzi ndani ya treni, na behewa zima likafungua madirisha. Lakini nasema ukweli: mguu wa kulia ulipoa. Nundu ilibaki pale pale, ila wekundu ulitoka, na aliukanyagia bila kukunja uso. Wa kushoto ndio uliogoma. Kidole cha pili kilizidi kupanda, kikawa kinasagwa na kiatu hata kile kipana, na kikaota kidonda.

Waliporudi, Daktari Nirmin alikubali kupasua wa kushoto.

"Wa kulia siugusi," akasema. "Huo umepata dawa yake, endelea nayo. Sasa nisikilize. Nitaukata mfupa, niusogeze mahali pake, niufunge kwa skrubu mbili ndogo. Wiki mbili za kwanza mguu uwe juu, usishuke isipokuwa kwenda chooni. Wiki sita zote uvae kiatu nitakachokupa, chenye soli ngumu, ukanyagie kisigino tu. Ngazi hapana. Miezi mitatu mpaka uvae kiatu cha kawaida, na uvimbe unaweza kukaa mwaka. Kidole kinaweza kuwa kigumu kidogo. Na nundu wakati mwingine hurudi. Umenielewa?"

"Wiki sita," Fikri akasema. "Tuseme nne."

"Mimi sisemi nne."

"Nne na nusu."

"Mama," daktari akamgeukia Inshirah, "huyu huwa anabishana hivi na abiria?"

"Abiria wana bahati, wanashuka," Inshirah akajibu.

Upasuaji ulifanyika baada ya sikukuu, ukaenda vizuri. Walikaa ghorofa ya tatu katika nyumba isiyo na lifti, kwa hiyo wapangaji wawili walimpandisha kwenye kiti kama bwana harusi. Inshirah alimtandikia godoro sakafuni karibu na mlango wa roshani, apate hewa, na mguu ukainuliwa juu ya mito miwili.

Wiki ya kwanza dawa zilimlaza. Ya pili akaamka, na balaa likaanza. Reli haiko mbali na pale, na alizijua treni zote kwa mlio. Alinipigia simu nikiwa kazini kuniuliza kwa nini ile ya saa nne imechelewa dakika saba. Alinipigia kuuliza nani yuko behewa la tatu. Siku moja nilihesabu simu kumi na nne. Inshirah alikuwa amechukua likizo shuleni, na likizo yenyewe ilikuwa kupanda na kushuka ngazi. Fikri alitaka gazeti. Gazeti likifika, alitaka lile lingine. Alitaka mtindi, si wa duka la chini, wa yule Mgiriki wa kona ambaye mtaa unamwita Mrumi. Mto uinuliwe, mto ushushwe, dirisha lifunguliwe, kelele, lifungwe. Nilipokwenda kumwona alikuwa anapiga ngoma ukutani kwa vidole, hajui kama anapiga.

"Bayumi, nimekwisha. Nahesabu nyufa za dari. Ziko thelathini na moja."

"Bado mwezi, ndugu yangu."

"Usinitajie mwezi."

Mwishoni mwa wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Ghada alipiga simu kutoka Kafr al-Dawwar kwamba mtoto wake ana homa. Inshirah akampikia mumewe, akamwekea maji, dawa na simu karibu na godoro, akamwapisha, akaondoka kwenda kumsaidia binti.

Saa tano asubuhi nilikuwa jukwaani Damanhuri, naisubiri treni ya Tanta. Nikamwona mtu wa kanzu, fimbo mkononi, mguu mmoja ndani ya kiatu kikubwa cha hospitali, anakuja akiruka kama kunguru. Nikadhani macho yananidanganya.

"Umeshukaje zile ngazi?"

"Kwa makalio. Moja moja. Halafu tuktuk."

"Rudi nyumbani, Fikri."

"Nitakaa tu. Nitakaa dirishani mpaka Tanta, nikae dirishani mpaka hapa. Kukaa ni kukaa, Bayumi. Kuna tofauti gani kukaa pale na kukaa ndani ya treni?"

Hapa nina kosa langu. Ningeweza kumwita dereva wa tuktuk amrudishe. Lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu sikukuu, na treni ilikuwa inaingia. Nikamshika mkono, nikampandisha.

Na kweli alikaa. Alikaa vituo viwili, mguu juu ya kiti cha mbele, anaangalia mashamba ya mpunga. Nikajipa moyo, nikaenda behewa la pili kufanya kazi yangu. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa katikati ya njia, fimbo kwapani, mkono ameunyoosha.

"Tiketi, jamani. Tiketi zenu tafadhali."

Mama mmoja aliyepakata kikapu cha bata mzinga alimtazama kuanzia kanzu mpaka kiatu. "Yarabi, siku hizi wanakagua hata waliolazwa?"

Behewa likacheka, naye akacheka nao, akapokea tiketi ya yule mama akaigeuza mbele na nyuma kwa raha. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Nikafungua mdomo nimwite, na dereva akafunga breki. Punda alikuwa amevuka reli, tulielezwa baadaye. Sote tuliyumba. Fikri hakuwa na mkono wa kujishikia, fimbo ilianguka, na uzito wake wote ukashukia mguu wa kushoto, mbele kabisa, pale penye skrubu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole juu ya gunia la mtu, rangi ya uso ikawa ya majivu, na tiketi ya yule mama bado iko mkononi mwake. Mama mwenyewe alimpepea kwa ncha ya shela yake mpaka Tanta, akimwambia maskini, maskini baba yangu. Tanta tukamtoa kwa toroli la mizigo. Nikampigia simu Inshirah.

"Shemeji, ni mimi Bayumi. Fikri ameumia kidogo. Tuko Tanta."

"Tanta," akasema. "Anafanya nini Tanta?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante, Bayumi," kwa sauti ambayo ningependelea mara mia anitukane.

Eksirei ilionyesha skrubu moja imepinda na mfupa umeteleza kidogo. Daktari Nirmin hakumgombeza Fikri. Alimwambia kuna njia mbili: kufungua tena na kufunga upya, au kuuacha uunge hapo ulipo, na kidole kitabaki kimelala kidogo maisha yake yote. Kwa njia yoyote ile, wiki sita zinaanza moja.

Fikri akamtazama mkewe. "Tufanyeje?"

"Mguu ni wako," Inshirah akasema.

Akachagua kuuacha. Aliniambia baadaye kwamba kisu hakikumtisha. Alishindwa kufikiria nani angekubali kumuuguza mara ya tatu, kama ya pili nayo ingeharibika.

Wakamrudisha kwenye godoro lake. Inshirah alimhudumia kama kawaida, chakula kwa saa yake, dawa kwa saa yake, ila hakuzungumza naye zaidi ya lililo la lazima. Siku nne zikapita hivyo. Fikri, aliyekuwa hawezi kuvumilia kimya cha dakika moja, alihangaika kuliko wakati wowote. Alikohoa ili aulizwe kama ana kikohozi. Alianza hadithi za treni, hakuna aliyezimalizia naye. Akaagiza kitu hiki na kile, si kwamba anakitaka, apate tu kusikia "haya."

Siku ya tano ilikuwa ya joto kali. Inshirah alikuwa ameshashuka mara mbili, mara moja sokoni na mara moja duka la dawa. Fikri akamwomba mtindi wa kwa Mrumi. Akashuka mara ya tatu. Aliporudi alisimama karibu na godoro, akatoa bakuli kwenye mfuko, na kwa vile Fikri alikuwa amelala chali na mguu wake juu, uso wake ulikuwa karibu sawa na sakafu, shubiri mbili kutoka miguu ya mkewe.

Hakuwa amewahi kuitazama kwa karibu. Ngozi ya nundu zote mbili ilikuwa imevutika, inang'aa, nyekundu. Ukanda wa kubazi ulikuwa umechora mstari ndani ya nyama. Mguu mmoja ulikuwa unakanyagia ukingo, kama mtu anayesimama juu ya changarawe, na kisigino kilikuwa kinatetemeka kidogo kwa uchovu.

"Inshirah," akasema. "Inakuuma?"

"Nini?"

"Miguu."

Inshirah akaliweka bakuli chini. "Unauliza ya leo, au ya miaka yote?"

"Yote."

Akakaa kwenye kiti cha karibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumatano ile. "Ya leo inauma, kwa sababu nimepanda ngazi mara tatu. Siku za kawaida haiumi. Niliizoeza mwenyewe, kwa viatu na taulo na barafu, polepole, miaka. Ilipouma sana ni mwanzoni. Unakumbuka vile viatu ulivyoniletea kutoka Iskandaria, vya kisigino? Ulisema vinanipendeza. Nilivivaa miaka minne, kila harusi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuumiza."

"Hapana. Mama yangu alikuwa na nundu hizi hizi, na alilima peku maisha yake yote. Hii miguu nimeirithi. Kwa nundu sikulaumu, Fikri." Akamwekea kijiko kwenye bakuli. "Nakulaumu kwa Mama Bata."

Fikri, aliniambia mwenyewe, alichukua kijiko. Akala mtindi. Ulipokwisha akauliza, "Nifanye nini sasa?"

"Kaa," mkewe akasema. "Kaa tu, mimi nishuke mara moja kwa siku. Hilo litanitosha."

Lakini mtu hageuki jiwe kwa siku moja. Asubuhi iliyofuata mikono ilikuwa inamuwasha kama zamani. Akamwomba mkewe ajaribu kulivuta godoro mpaka roshani, kisha akaomba kile kikapu cha kamba ambacho kila nyumba inacho, cha kuteremshia hela na kupandishia mkate. Kilikuwa kimetundikwa jikoni, kimejaa vitunguu. Akavitoa vitunguu, akafunga kamba upya kwa fundo la reli, akaegemea mto na mguu wake juu ya kiti, akamwita mwenye duka la chini, Shaarawi.

"Shaarawi. Nyanya kilo mbili, zisizo laini. Na umtume mtu kwa Mrumi alete mtindi. Nateremsha kikapu."

Siku ile Inshirah hakushuka hata mara moja. Siku ya pili mjane wa ghorofa ya nne akachungulia na kuomba apandishiwe mkate wake, maana mgongo unamsumbua. Siku ya tatu nyumba nzima ilikuwa inapitishia kwake. Alijua muuza mafuta ya taa anapita saa ngapi, muuza figili saa ngapi, na nani anachelewa. Nilipokwenda kumwona nilimkuta na daftari la shule la mkewe, ameandika ratiba. Kati ya kikapu na kikapu alichambua majani ya mulukhiya, mboga inayoteleza kama mlenda, akamenya vitunguu saumu, akatoa mawe kwenye dengu. Mguu haukushuka kwenye kile kiti.

"Bayumi," aliniambia kwa sauti ya chini, "wiki sita si mchezo. Lakini ukipata cha kufanya na mikono, miguu inasahau."

Kulikuwa na jambo moja lililokishinda kikapu. Siku moja Inshirah alikuwa anapita uani, na Shaarawi akamsalimia kutoka dukani, kwa mapenzi tu, "Karibu, Mama Bata." Fikri alisikia kutoka juu. Jina alilitoa yeye mwenyewe, mtaa ukalichukua. Alitaka kushuka papo hapo, akashika ukingo wa godoro, akatulia. Akamwandikia Shaarawi kikaratasi akakiteremsha kwa kikapu. Mimi nimekiona kikaratasi hicho, Shaarawi alinionyesha. Kiliandikwa: *Jina lile nilikosea kulitoa. Mke wangu anaitwa Inshirah, na wewe mwite Ustadha. Naomba pia kilo moja ya sukari.* Shaarawi alikubali. Lakini watoto wa mtaa hawasomi vikaratasi, na wengine wameliendeleza mpaka leo. Inshirah anasema ameshazoea. Fikri hajazoea.

Wiki sita zikaisha, kisha miezi mitatu. Kidole cha kushoto kimelala kidogo, si kama awali. Kigumu, hakikunjiki vizuri, na siku za baridi kinauma. Hawezi kusimama kwa ncha za vidole kufikia rafu ya juu ya behewa, kazi hiyo nilimfanyia mimi. Ofisi ilimpa dirisha la tiketi, akalikataa, wakabishana, mwisho wakamrudisha kwenye treni kwa mwaka na kitu uliobaki. Alivaa viatu vya Dusuqi, na mpira kwenye mguu wa kulia ambao haukuwahi kuguswa na kisu. Kijiweni walipomtania kuhusu ugonjwa wa wanawake, alivua kiatu akauweka mguu juu ya meza ya dhumna, kovu na kila kitu, akawataka kila mmoja aonyeshe wake. Wawili kati ya sita walikuwa na nundu. Mmoja wao nilikuwa mimi, ya kwangu ndogo tu.

Alikuwa amegeuka mhubiri. Akiona msichana amevaa kiatu chembamba ndani ya treni, anamtobolea tiketi na kumpa mawaidha. Nyumbani alianza kumshawishi Inshirah naye apasuliwe. Alisema atamhudumia yeye, wiki sita, mia kwa mia.

"Mguu wangu hauniumi," Inshirah alimwambia nikiwa pale, tunakunywa chai. "Nikaupasue kwa ajili ya nini?"

"Unyooke."

"Unyooke nimwonyeshe nani?"

Fikri akafikiri. "Sijui," akakiri.

"Basi kunywa chai."

Alistaafu mwezi wa pili mwaka uliofuata. Siku hizi, baada ya sala ya alasiri, wanatembea kando ya mfereji wa Mahmudiya. Inashauriwa kutembea, kwa viatu vipana na bila haraka. Inshirah ana mwendo wake, hauongezi wala haupunguzi. Fikri huanza naye sambamba, na kabla hawajafika kwenye daraja ameshatangulia hatua hamsini. Anafika pale, anageuka, anamrudia, anatembea naye kidogo, anatangulia tena. Nimewapita mara nyingi nikirudi kazini. Yeye mwenyewe anasema wanatembea kilomita mbili. Ukihesabu kwenda na kurudi kwake, mke anatembea mbili, mume anatembea tano.

Juzi nilimsikia mkewe akimwita kutoka nyuma, bila kuinua sauti sana, "Fikri. Huko mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu," akajibu, na akageuka kurudi.